Je, Mtu Anaweza Kufutwa?

Leo tunataka kuwaza pamoja nanyi juu ya picha moja ya rangi iliyoko Paris, katika Musée d'Orsay. Mfaransa Gustave Courbet aliimaliza mwaka 1855. Upana wake ni karibu mita 6. Inaonyesha ateliye yake mwenyewe: yeye ameketi katikati akichora bonde la kwao, kuume wako rafiki zake, kushoto wako watu wengine, na kati yao maskini. Katika jina refu la picha aliandika kwamba ni miaka saba ya maisha yake ya usanii na ya maadili.

Kuume, pembeni kabisa, ameketi mshairi Charles Baudelaire akisoma kitabu. Karibu naye Courbet alikuwa amemchora Jeanne Duval, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, mpenzi wa mshairi huyo kwa miaka mingi. Kisha akamfunika kwa rangi. Inasemwa ni Baudelaire aliyeomba.

Je, alitenda vibaya? Mwingine atatujibu: picha ni yake, ana ruhusa ya kuondoa anachotaka. Ni kweli, kama ni mti au kilima. Lakini Courbet alidai kuchora maisha jinsi yalivyo. Picha hiyo ilipokataliwa kwenye maonyesho makubwa ya 1855, alijenga banda lake mwenyewe na kuliita la Uhalisia. Basi kumwondoa mtu aliyekuwamo ni uongo wa kunyamaza. Na aliyeomba, na mkono uliokubali, wote wawili wana sehemu.

Sisi hatuna brashi, lakini tunafuta. Ndugu akifariki, jamaa wanagawa vitu na mjane haitwi kwenye kikao. Mtoto aliyezaliwa nje, jina lake halitajwi. Tunasema: tunalinda amani ya jamaa. Ni amani gani hiyo inayosimama juu ya mtu aliyefunikwa?

Lakini tazameni: rangi ya mafuta ikizeeka hupungua nguvu ya kuficha. Leo Jeanne Duval anaonekana tena kama kivuli karibu na Baudelaire. Hakuna aliyemchora upya. Rangi yenyewe ilichoka.

Tusingoje miaka ituumbue. Kama yuko mtu tuliyemfunika, tumwite kwa jina lake sisi wenyewe, angali hai, asikie.