Pande Tusizoweza Kuelekea

Mwaka 1919 Theodor Kaluza, mhadhiri asiyejulikana sana wa Königsberg, alimwandikia Albert Einstein wazo geni: tukiuongezea ulimwengu kipimo cha tano, juu ya vitatu vya nafasi na kimoja cha wakati, milinganyo ya uvutano inazaa pia ile ya umeme na sumaku. Einstein alivutiwa, kisha akasita. Makala ikachapishwa 1921. Kusita huko nakuelewa. Je, kitu kikihitajika na hesabu, ndiyo kusema kipo?

Kwa kipimo cha nafasi nakusudia njia ya kujongea isiyopatikana kwa kuunganisha njia nyingine. Sisi tunazijua tatu. Nadharia ya nyuzi, inayoziona chembe zote kuwa mitetemo ya nyuzi ndogo mno, inadai ziwe tisa, na wakati uwe wa kumi. Zile sita hakuna aliyeziona. Zimedaiwa kwa sababu bila hizo nadharia inajipinga.

Utasema basi ni ujanja wa kalamu tu. Huenda. Lakini mwaka 1926 Oskar Klein alieleza kuwa kipimo cha tano kimejikunja kikawa duara dogo mno, na kwamba chaji ya umeme ni mwendo ndani ya duara hilo. Hesabu zake hazikuafikiana na elektroni halisi, ila wazo lenyewe bado linanishika. Pitisha kitana cha plastiki kwenye nywele kavu, kisha kisogeze kwenye vipande vya karatasi: vinarukia kitana. Kama Klein angekuwa sahihi, hapo ungekuwa unatazama athari za safari inayofanyika katika upande usioweza kuuelekea. Tumezoea kuiweka ghaibu mbali, nyuma ya nyota. Hapa ingekuwa katika kila nukta ya ukucha wako.

Hata hivyo uzuri wa wazo haujawa ushahidi. Namna za kuzikunja zile pande sita zimewahi kukadiriwa kufikia 1 ikifuatwa na sifuri 500, na kila namna ina ulimwengu wenye sheria zake. Nadharia inayokaribisha malimwengu yote hayo inatuambia nini kuhusu huu mmoja tulio nao? Hili linanisumbua kuliko udogo wa pande zenyewe. Hitaji la hesabu linatupa sababu ya kutafuta. Kutangaza kwamba tumepata kunadai zaidi ya hapo.

Ndiyo maana nawaheshimu watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, wanaopima uvutano kati ya vipande vya metali vilivyoachana kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Upande uliofichika ungekuwa na upana wa kadiri hiyo, uvutano ungekengeuka kanuni ya Newton. Mpaka sasa haujakengeuka.