Mbovu na Mbaya

Kuna sentensi ambayo sisi mashabiki wa filamu za kutisha huambiana kila tunapokutana: "Ni mbovu hiyo, we acha tu. Lazima uione." Mtu asiyetujua atashangaa. Kwani gari bovu unamshauri rafiki yako alipande? Embe bovu unamwambia lazima alionje? Lakini kwetu hiyo ni sifa. Tuko watano, sita hivi, na kila mmoja ana akiba yake ya filamu ambazo watu wengi hawajazisikia, zilizotengenezwa kwa fedha za kuungaunga na nguo za kuazima. Tukikaa pamoja tunazitoa moja moja, tunabishana ipi imezidi, tunacheka mpaka machozi.

Siku za karibuni nimekuwa nikijiuliza tunamcheka nani hasa, na kama tuna haki hiyo. Wenzangu wanasema nimeanza kuzeeka. Inawezekana, lakini swali halijaniacha.

Kiswahili kinanisaidia kidogo hapa. Tunayo maneno mawili, bovu na baya, na ingawa mtaani tunayachanganya, hayafanyi kazi moja. Redio ni mbovu: imeharibika, haishiki stesheni. Hakuna anayeilaumu redio. Mtu mbaya ni jambo jingine kabisa, huyo ana nia na huyo anadhuru. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi wapenzi wa filamu za bei ndogo tunazichanganya mizani hizi mbili kila siku, na tunawaonea watu.

Chukua filamu ambayo haikosi kutajwa kila inapoulizwa ipi ni mbovu kuliko zote: "Manos: The Hands of Fate", ya mwaka 1966. Hata jina lake ni kituko, maana "manos" kwa Kihispania ni "mikono", kwa hiyo ukilitafsiri unapata "Mikono: Mikono ya Majaaliwa". Aliyeiandika, akaiongoza, akaigiza ndani yake ni Harold P. Warren, muuza mbolea wa El Paso, Texas. Inasimuliwa kwamba aliwekeana dau na mwandishi wa sinema Stirling Silliphant kwamba yeye, muuza mbolea, anaweza kutengeneza filamu ya kutisha. Akatafuta dola 19,000 hivi na kamera ya kukazwa kwa mkono kama saa ya zamani, isiyoweza kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mkupuo. Sauti haikurekodiwa pale pale. Baadaye watu wachache tu waliingia studio wakabandika sauti za wahusika wote. Matukio ya usiku yalipigwa kwa taa chache, nondo wanarukaruka mbele ya lenzi, na polisi wanaotoka kwenye gari kutafuta chanzo cha mlio wanapiga hatua mbili tatu, wanageuka, kwa sababu taa haziwafikii zaidi ya hapo. Kuna mahali unakiona kabisa kile kibao kinachogongwa kabla ya tukio kuanza kurekodiwa.

Sasa ongeza na haya. Waigizaji hawakulipwa, waliahidiwa sehemu ya faida ambayo haikupatikana. Waliopata chochote, kwa maelezo yanayorudiwa mara nyingi, ni mtoto wa miaka sita au saba na mbwa wa familia yake: mtoto alipewa baiskeli nyekundu, mbwa akapewa chakula. Mtoto huyo, Jackey Neyman, aliigiza na baba yake, aliyekuwa ndiye "Bwana" wa filamu na ndiye aliyesanifu mavazi. Siku ya onyesho la kwanza, Novemba 1966, wakiwa wamevaa vizuri, ukumbi ukaanza kucheka. Jackey amesimulia ukubwani kwamba alilia alipofumbua mdomo kwenye pazia ikatoka sauti ya mtu mwingine, mtu mzima anayejifanya mtoto. Na John Reynolds, kijana aliyeigiza nafasi ya Torgo, mtumishi wa Bwana, hakuwepo kusikia kicheko hicho. Alijitoa uhai mwezi mmoja kabla.

Ukishayajua haya, jaribu kumcheka Torgo. Mimi nacheka bado, sitakudanganya. Magoti yake makubwa yale, mwendo wake ule wa kuyumba, huku kile kimuziki cha piano kikimfuata kila anapokwenda, vinachekesha. Lakini kicheko kinatoka kikiwa na kitu pembeni.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ndiye bingwa wetu wa filamu hizi, ana jibu lake na si jibu jepesi. Anasema: bila kicheko, Manos ingekuwa imekufa. Filamu ilisahaulika miaka zaidi ya 20, mpaka Januari 1993 kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho "Mystery Science Theater 3000" kilipoionyesha huku watangazaji wake wakiikejeli mwanzo mwisho. Ndipo ikapata mashabiki. Mwaka 2011 mmoja wa mashabiki hao akapata mikanda ya awali, akachangisha fedha, ikasafishwa na kutolewa upya. Jackey mwenyewe amekuja kuukubali umaarufu huo na kuandika kitabu juu yake. "Sasa," ananiuliza rafiki yangu, "nani kamdhuru nani? Wewe na huruma yako ungeiacha iozee kwenye sanduku."

Ana hoja. Huruma pia inaweza kuwa dharau. Kumwambia mtu "maskini, alijaribu" ni kumweka chini zaidi ya aliyemcheka waziwazi. Aliyecheka angalau ametazama. Na sanaa ikishatoka nje ni ya watu, huwezi kumkalia mtazamaji kichwani umwamuru afunge mdomo.

Ila vicheko havifanani. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua. Unaketi kwenye benchi, joto kama tanuri, televisheni moja kwa watu 40, na zama za kanda za VHS pengine alikuwepo mtu mwenye maikrofoni anayetafsiri filamu nzima kwa Kiswahili na kuongeza chumvi zake. Mle watu wanacheka sana kwenye filamu za kutisha. Lakini angalia wanacheka lini: baada ya kushtuka. Mtu amerusha miguu juu kwa woga, jirani yake kamwona, wanacheka wote. Kicheko hicho kimelipiwa. Mtu kakubali kwanza kuogopa, filamu ikampata, ndipo akajicheka yeye na filamu pamoja. Hata zilipokuja filamu zetu wenyewe, kama "Nsyuka" ya Mussa Banzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo mzimu haukutoka Hollywood bali kwenye hadithi za nyumbani, unaweza kuucheka uso uliopakwa rangi na bado ukaomba mtu akusindikize kwenda msalani.

Kipo pia kicheko kilichoalikwa. Nenda Wakaliga, Kampala, umtazame Nabwana I.G.G. na filamu yake ya mwaka 2010, "Who Killed Captain Alex?". Si ya kutisha, ni ya mapigano, lakini inafaa kwa mfano. Ilitengenezwa kwa hela ambayo wengine wanaimaliza kwa chai ya wageni, na ndani yake kuna sauti ya VJ Emmie anayeipigia kelele, anaisifu, anaitania. Mwenye nyumba ndiye aliyefungua mlango akasema ingieni mcheke. Hapo sina neno.

Ninachokilalamikia ni kicheko cha aina ya tatu, cha mtu aliyekuja hukumu ikiwa mfukoni. Kabla filamu haijaanza ameshajua ni takataka. Anatazama kama mkaguzi, anawinda nondo na vibao. Filamu ya kutisha inaomba kitu kimoja tu kwako, ambacho vichekesho wala mapigano haviombi kwa kiasi hicho: ukubali kuogopeshwa. Ukiizuia hilo tangu mlangoni, hujaiona. Umeona vitu vilivyokuwa mbele ya kamera, basi.

Wenzangu huniambia hiyo ni heshima ya bure, haina faida kwa mtu. Huwa nawatajia "Carnival of Souls" ya mwaka 1962. Herk Harvey alikuwa anafanya kazi Lawrence, Kansas, kwenye kampuni ya filamu za mafunzo, zile za usalama kazini na adabu za vijana shuleni. Akachukua likizo ya wiki tatu, akapata kama dola 33,000, akaenda kupiga picha kwenye jumba la starehe lililotelekezwa, Saltair, ufukweni mwa ziwa la chumvi la Utah. Zimwi aliliigiza mwenyewe: uso mweupe kama wa mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye gunia la unga. Mke wa zimwi hayupo, kundi la mazimwi halisemi kitu, sauti katika baadhi ya sehemu hazilingani na midomo. Ukihesabu makosa, hayako mbali na ya Manos.

Ila mwanamke wa hadithi hii, mpiga kinanda anayeitwa Mary, ametoka mtoni baada ya gari alilokuwemo kutumbukia, na kuna nyakati anatembea mjini sauti zote zinakatika. Anasema na watu, hawamsikii. Anagusa bega la mtu, hageuki. Sasa ile midomo isiyolingana na sauti inakuwa sehemu ya hofu yenyewe, kwa sababu dunia yake kweli imeachana naye kidogo. Mkaguzi wetu angeandika "sauti mbovu" akaendelea kula karanga. Na wengi walifanya hivyo, maana filamu ilianguka sokoni na Harvey hakuongoza filamu nyingine ndefu. Ilisubiri mpaka mwaka 1989 kurudishwa kwenye kumbi na kutazamwa kwa macho mengine. Aliishi kuona hilo, alifariki mwaka 1996, lakini miaka 27 ni mingi kwa mtu kusubiri.

Mpaka hapa ni suala la adabu, unaweza kusema, na adabu hazijaua mtu. Basi twende kwenye ile filamu ambayo kundi letu haliicheki kabisa.

"Cannibal Holocaust" ya Ruggero Deodato, ya mwaka 1980, ilipigwa kwenye misitu ya Amazon, Kolombia. Ikitajwa, watu wanashusha sauti. Wanasifu kamera inayotikisika, ujanja wa kuifanya ionekane kama mikanda iliyookotwa, miaka 19 kabla ya "The Blair Witch Project". Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Italia ilimshtaki Deodato, ikadhaniwa ameua waigizaji wake, mpaka akalazimika kuwatafuta wajitokeze wazima. Kwa ufundi si mbovu hata kidogo.

Waigizaji walikuwa wazima, wanyama hawakuwa. Kobe mkubwa wa mtoni anakatwakatwa mbele ya kamera, ni kweli. Tumbili anakatwa uso, na kwa kuwa tukio lilihitaji kurudiwa, akaletwa tumbili wa pili. Fikiria hilo la pili kwa utulivu. Lile la kwanza unaweza kujidanganya kwamba lilitokea kwa pupa. La pili mtu alikaa, akatazama alichopata, akasema haijatosha, leteni mwingine.

Niliwahi kuwauliza wenzangu: kwa nini muuza mbolea wa El Paso, aliyewapa watu ahadi asizoweza kuzitimiza na kumpa mtoto baiskeli, tunamcheka miaka yote hii, na huyu mwenye tumbili wawili tunamvulia kofia? Bingwa wetu alisema: kwa sababu yule mmoja alishindwa na huyu aliweza. Mwingine akasema, wewe unakula nyama, kobe huyo angeliwa tu kijijini. Hoja ya nyama naiheshimu, sina majibu yake yote. Lakini anayechinja kwa ajili ya kula anatafuta kisu kikali ili mnyama asiteseke. Pale mateso yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanatafutwa. Kamera ilisogezwa karibu kwa ajili yake.

Na jibu la bingwa ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu ndilo tunaloishi nalo wote. Tumeamua kwamba kosa kubwa kwenye sanaa ni kushindwa. Bovu tunalipa adhabu ya kicheko, baya tukilikuta limenyooka tunaliita "la ujasiri". Umaskini wa filamu tunauona haraka sana, kwa sababu uko juu ya ngozi: nondo, kibao, sauti. Ukatili unahitaji uulize nini kilitokea kabla kamera haijawashwa na baada ya kuzimwa, na hayo hayaonekani kwenye pazia.

Sijaacha kutazama Manos. Wiki mbili zilizopita tuliirudia, na kijana mmoja mgeni kwenye kundi akauliza magoti ya Torgo yana nini. Filamu haielezi popote. Torgo alikusudiwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu mbuzi, na yale magoti ni vyuma vilivyofungwa chini ya suruali ili miguu ikae kimbuzi. Nikamwambia: jini mwenye kwato. Mtoto yeyote wa Pwani ameshaonywa juu ya mtu anayekutana naye usiku, mzuri tu, mpaka umtazame chini.

"Kumbe!" akasema. Akaomba turudishe nyuma. Tukalitazama tena lile tukio la Torgo akibeba mizigo kuingia nyumbani, anayumba, mkono unatetemeka, anaangalia pembeni kama mbwa aliyezoea kupigwa. Reynolds anaigiza jini ambaye hakuna aliyemwambia mtazamaji kwamba ni jini, na anaigiza kwa mwili mzima. Chumbani hakuna aliyecheka kwa muda. Halafu bingwa wetu akacheka, nasi tukamfuata, na kijana akauliza kama tunaweza kulirudia mara ya tatu.