Ishara, Ukweli na Mpangilio wa Matukio

Ishara ya kukatiza ni njia ambayo kifaa cha kompyuta, kama diski au kadi ya mtandao, huijulisha prosesa kwamba kuna jambo la kushughulikiwa. Prosesa husitisha kazi yake, huhifadhi mahali ilipofikia, hukihudumia kifaa, kisha huendelea. Utaratibu huu unaibua swali la zamani la falsafa: ishara inapofika, mpokeaji anakuwa amejua nini, na kwa msingi gani aiamini?

Katika PCI, mfumo wa kuunganisha vifaa na kompyuta uliotoka mwaka 1992, ziliwekwa nyaya nne za kazi hiyo. Kifaa chenye haja hushusha volteji ya waya na kuishikilia chini mpaka kihudumiwe. Vifaa kadhaa huweza kutumia waya mmoja, kwa hiyo ishara ni hodi isiyotaja mgeni, na programu hulazimika kuuliza kifaa kimoja baada ya kingine. Hata hivyo, ishara ya aina hii ina ubora ambao haupaswi kudharauliwa. Haisemi kwamba jambo limetokea, bali kwamba haja bado ipo. Programu ikikisahau kifaa kimoja, waya unabaki chini na dai lake halipotei.

Udhaifu wake uko kwingine. Waya na data hupita njia tofauti. Data inayoandikwa kwenye kumbukumbu huweza kusubiri katika vituo vya katikati, huku ishara ikiwa imekwisha kufika. Prosesa huambiwa data ipo, huenda kuitazama, na kukuta ya zamani. Kifaa hakikudanganya, maana kwa upande wake data ilikwisha kutumwa. Kauli ile ile ni kweli kwa msemaji na bado si kweli kwa msikilizaji. Programu hujilinda kwa kusoma kwanza kitu chochote kutoka kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu jibu la usomaji huo haliruhusiwi kuipita data iliyotangulia.

Tatizo hili linarudisha swali la maana ya kutangulia na kufuata. Katika barua alizoandikiana na Clarke, mtetezi wa Newton, mwaka 1715 na 1716, mwanafalsafa Leibniz alipinga wazo la Newton la wakati unaojitegemea. Kwake, wakati ni mpangilio wa mambo yanayofuatana, basi. Ndani ya kompyuta hoja ya Leibniz ina nguvu zaidi, kwa kuwa saa, hata ikiwa sahihi kiasi gani, haiiambii prosesa kama data imefika. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport aliipa fikra iliyo karibu na hiyo umbo la kihisabati: tukio hulitangulia jingine pale linapoweza kuliathiri, na matukio yasiyoweza kuathiriana hayana la kwanza wala la pili.

PCI Express, mrithi wa PCI, haina nyaya hizo nne. Njia yake kuu, MSI, hugeuza ishara kuwa maandishi: kifaa huandika thamani fupi kwenye anwani maalumu, kwa njia ile ile inayopitisha data. Kwa kanuni ya kawaida, andiko la nyuma haliruhusiwi kulipita la mbele, hivyo kufika kwa ujumbe kunathibitisha kwamba data iliyoutangulia imefika. Uaminifu wa ujumbe unatokana na nafasi yake katika msafara. MSI-X, aina ya MSI iliyopanuliwa, huongeza uwezo wa kutofautisha, kwani kifaa huweza kuwa na hadi jumbe 2048, kila mmoja na maana yake.

Lakini kuna kilichopotea. Ujumbe hueleza tukio, si hali. Jumbe mbili zinazofanana, zikifika kabla ya ile ya kwanza kuhudumiwa, huweza kuhesabiwa kuwa moja. Mpokeaji hujua kwamba jambo limetokea walau mara moja, hajui mara ngapi. Programu iliyoandikwa vizuri haihesabu jumbe, bali hutazama foleni ya kazi zinazosubiri mpaka iishe.

Mwaka 1996 watafiti Mogul na Ramakrishnan walieleza hatari nyingine: mashine inayokatizwa mfululizo hadi hakuna kazi inayokamilika. Dawa ni kuzuia ishara baada ya ile ya kwanza, kuimaliza foleni, kisha kuziruhusu tena. Hapo swali la mwanzo hurudi kwa ukali, kwa sababu pakiti ya data kutoka mtandaoni huweza kuingia kati ya kutazama kwa mwisho na kuruhusu, na kimya kikadhaniwa kuwa ni ukosefu wa habari. Kwa hiyo pale ambapo kifaa hakitoi ishara kwa pakiti iliyoingia wakati wa zuio, programu huruhusu kwanza, kisha huitazama foleni mara moja zaidi.