Kufuli Tatu

Mathe ni mwekahazina wa chama chao hapa Nyeri. Kwa miaka mingi pesa zao zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zilishikwa na akina mama watatu wa nyumba tofauti. Nikiwa mdogo nilimuuliza, kwani hamuaminiani? Akanijibu, "Tunaaminiana. Ndiyo maana hatutaki mtu aachwe peke yake na sanduku."

Sikumwelewa hadi nilipoacha chuo na kupata kazi kwa holseli moja Karatina. Mdosi alikuwa na programu poa ya kupanga biashara: bajeti, oda, stoo. Ingeweza kumpa kila mtu akaunti yake na kutuweka kwa makundi: wa stoo waone mzigo tu, wa kaunta wauze bila kugusa bei, mhasibu asome vitabu lakini asifute kitu. Lakini sote watano tuliingia kwa akaunti ya mdosi. Pasiwadi ilibandikwa chini ya skrini. "Hapa sisi ni familia," alisema.

Jioni moja mifuko 40 ya simiti ikaandikwa kuwa imerudishwa. Haikuwa imerudi. Tulipoangalia ni nani aliyeandika, tukakuta jina la mdosi. Kijana wa stoo akafutwa, kwa sababu tu simiti hukaa stoo. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba ni yeye. Naye hakuweza kuonyesha kwamba si yeye.

Mimi nilinyamaza. Wiki chache kabla, kwa pasiwadi hiyohiyo, nilikuwa nimempunguzia binamu yangu bei ya mabati. Sikutaka mtu aanze kuchimba rekodi.

Si maduka madogo tu. Mwaka 2015, kwenye sakata la NYS, afisa mmoja mkubwa alisema pasiwadi yake ya IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, ilitumiwa na wengine. Ni rahisi kucheka utetezi kama huo. Shida ni kwamba mwizi na asiye na hatia wanaweza kuutoa kwa maneno yaleyale.

Wengine husema kumwekea mfanyakazi mipaka ni kumshuku. Wana hoja, maana kuna mabosi wanaojipa kila mlango na kuwafungia wengine wote. Lakini kwa chama cha mathe, hata mwenyekiti alikuwa na ufunguo mmoja tu. Mipaka inayomfunga bosi pia si dharau. Inampa kila mtu jina lake mwenyewe kwenye rekodi, na bila jina lako huwezi kulaumiwa kwa haki wala kusafishwa.

Yule kijana alinyimwa jina. Mimi nilifurahia kutokuwa nalo. Namba yake bado iko kwa simu yangu, na kila nikitaka kumpigia, sijui nianzie simiti au mabati.