Hesabu Pamba Kabla ya Kushona

Jumamosi moja, kwenye kibanda cha chapati karibu na soko la Ntinda, Kampala, nilimkuta binti wa kidato cha tatu akichora moyo. Si moyo wa mapenzi. Ni ule wa baiolojia, wenye vyumba vinne na mishipa yake, kwa penseli iliyochongwa kwa wembe. Mama yake anakaanga, yeye anapokea pesa, na wateja wakipungua anarudi kwenye daftari. Ukurasa ulikuwa na alama ya kidole cha mafuta. Nikamsifu. Akanijibu bila kuinua uso: "Anko, nachora tu. Sayansi ni ya watoto wa wenye pesa. Na hata ukisoma, nchi wanaongoza wengine."

Nikalipia rolex yangu, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, nikaondoka, jibu sina. Sasa ninalo.

Mwanangu, ulizaliwa wakati jina la Specioza Wandira Kazibwe limeshaacha kusikika redioni kila siku, kwa hiyo sikulaumu. Alizaliwa Iganga, Busoga, mwaka 1954. Akasoma shule ya Namagunga, kisha akaingia Makerere kusomea udaktari katika miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, wahadhiri wakikimbia nchi na wengine wakipotea wasionekane tena. Hakutosheka na udaktari. Akaenda kusomea upasuaji, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kufuzu fani hiyo.

Sasa sikiliza siasa aliingilia mlango gani. Mwaka 1987 alichaguliwa kuongoza baraza la kijiji, mojawapo ya yale yaliyoitwa RC na leo tunayaita LC. Unaijua kazi ya huko: ugomvi wa mipaka, barua za kupigwa muhuri, nani kamtukana nani. Daktari mpasuaji mzima! Miaka miwili baadaye ni naibu waziri wa viwanda, 1991 ni waziri kamili, na Novemba 1994 akawa Makamu wa Rais, mwanamke wa kwanza Afrika kushika cheo hicho. Akakaa humo hadi 2003. Kutoka barua za muhuri hadi umakamu ni miaka saba tu, kama huo muda wako wa darasa la kwanza hadi la saba.

Katika chumba cha upasuaji, kule alikotoka Kazibwe, kuna kazi moja isiyo na sifa. Kabla ya kushona tumbo la mgonjwa, pamba na vyombo huhesabiwa. Vilivyoingia kumi vitoke kumi. Ikipungua pamba moja, hakuna kushona: itafutwe kwanza, hata kama daktari ni profesa na usiku umekwenda. Hakuna anayejibiwa kwamba "itakuwepo tu mahali". Mimi nikiambiwa nchi inahitaji wanasayansi, huwa nawaza hesabu hiyo ya pamba kuliko roketi.

Lakini nisikudanganye kwamba shahada ya sayansi humgeuza mtu malaika. Kazibwe alipobeba na uwaziri wa kilimo juu ya umakamu, mradi wa mabwawa ya kunyweshea mifugo uligeuka kashfa, na Bunge likataka kujua fedha zimekwenda wapi. Pamba hazikutimia. Nalitaja kwa sababu anayekuhimiza huku akikuficha nusu ya habari hana tofauti na muuza dawa wa stendi.

Linalonigusa zaidi ni alichofanya baada ya hapo. Wakubwa wengi wakitoka madarakani huenda shambani kuhesabu ng'ombe na kungoja kuitwa tena. Yeye akarudi darasani. Alikwenda Harvard, Marekani, akasomea afya ya umma, na mwaka 2009, ana miaka hamsini na kitu, akapata shahada ya udaktari wa sayansi. Hebu fikiri: mtu aliyezoea misafara ya magari anakaa kwenye kiti cha mwanafunzi na kukabidhi kazi yake isahihishwe. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukamteua mjumbe maalumu wa Ukimwi barani Afrika.

Na wewe unakaa Ntinda! Mtihani wako wa kidato cha nne unasimamiwa na UNEB, baraza la mitihani, lenye ofisi hapo Martyrs Way. Ukienda Kimera Road, ndipo lilipo Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ambalo mtafiti wa kigeni, hata akitoka Oxford, hana budi kulipitia apate kibali cha kufanya utafiti Uganda. Maprofesa wa dunia wanakuja kubisha hodi mtaani kwenu, wanapita barabara hizi hizi zenye moshi wa chapati, halafu unaniambia sayansi ni ya wengine?

Soma. Umri ukifika, usidharau LC1 ya mtaa wenu, gombea.

Na kuhusu ule moyo: nimekwenda kuangalia kitabuni, maana mimi baiolojia niliikimbia mapema na hadi leo najuta. Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia ina vipande vitatu. Wewe umechora viwili, kama ya kushoto. Tafuta raba, uchore upya kabla ya Jumatatu.