Haki Yenye Mpaka

Mwuza samaki wa Likoni atumapo fedha kwa simu, habari zake hupita hewani, mahali ambapo mwizi aweza kuzinasa. Lakini hazimfai kitu, kwa kuwa zimegeuzwa fumbo. Fumbo hilo ni zao la akili ya mtu. Je, ni haki mtu huyo kulifanya mali yake?

Njia za kufumba habari ni nyingi. Moja iliyo mashuhuri ilibuniwa Marekani mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Kwayo, ufunguo wa kufungia waweza kutangazwa sokoni, na ule wa kufungulia ukabaki siri ya mwenyewe. Mwaka 1983 chuo chao kilipewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kuitumia njia hiyo bila ruhusa. Baada ya miaka 17, mwezi wa Septemba 2000, haki hiyo ilikoma. Hapa Kenya haikuwa na nguvu hata siku moja, maana hataza haivuki mipaka ya nchi iliyoitoa.

Wako wasemao kuwa kukoma huko ni dhuluma. Shamba la minazi la Kisauni hurithiwa na wajukuu. Mbona zao la akili lisirithiwe? Nawajibu kuwa nazi ikiliwa na mmoja, mwingine hukosa. Bali elimu ikitumiwa na watu elfu, haipungui. Tena wavumbuzi wale walijenga juu ya hisabati ya Leonhard Euler wa karne ya 18, ambaye hawakumlipa kitu.

Wengine husema elimu yote iwe bure tangu siku ya kwanza. Hao nao wamemsahau mganga azikwaye pamoja na dawa yake. Asiyetumaini malipo huficha. Sheria humwambia mvumbuzi: eleza kazi yako waziwazi, nasi tutakulinda kwa muda. Muda huo katika Kenya ni miaka 20 tangu siku ya kuomba.

Kwa hiyo haki ya mvumbuzi ni ya kweli, lakini ina mpaka. Ukipewa shibiri, usichukue pima. Nawe, msomaji, unapomnyima mwenzako njia ya hesabu uliyofundishwa na mwalimu wako, jiulize: ni nani aliyekupa hataza, na itakoma lini?