Deni la Wimbo wa Bure

Watu wengi huamini kwamba atoaye bure hadaiwi. Mwenye duka hudaiwa mizani ya haki, mganga hudaiwa dawa ifaayo, na seremala hudaiwa kazi imara, kwa sababu wote hao wamepokea fedha. Lakini mtu atoaye kwa hiari yake, pasipo kutaja bei, huonekana kuwa amekwisha kutimiza wema wote saa ile ile aliyotoa. Na kumkosoa huhesabiwa kuwa ni utovu wa shukrani. Nataka kuichungua imani hii kwa mfano mdogo: mfano wa mtu apigaye gitaa nyumbani kwake kwa kujifurahisha, akainasa sauti ya muziki wake mwenyewe, kisha akaitia katika mtandao ili isikiwe na kila apendaye bila ya malipo.

Tumweke mtu huyu katika mkoa wa Njombe, kwa kuwa huko taabu zake huonekana wazi. Mji wa Njombe umeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Katika miezi ya Juni na Julai baridi yake huvifanya vidole kuwa vizito, na gitaa lililolinganishwa vema jioni halikubali kuimba vile vile asubuhi. Mvua ianzapo mwishoni mwa mwaka, hupiga juu ya bati kwa kishindo kishindacho sauti ya nyuzi, naye hana budi kungoja mpaka inyamaze. Akihamia Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi, ataikuta njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma ikikutana na ile ya Songea, na karibu nayo reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975. Huko malori hunguruma usiku kucha, na apataye dakika nne za kimya amepata neema. Basi mtu wetu huning'iniza mablanketi ukutani, yale yale yampayo joto wakati wa kulala, ili yazuie mwangwi. Huweka simu yake au kipaza sauti juu ya kiti. Hupiga, husikiliza, hufuta, hupiga tena. Mchana alikuwa shambani kwa viazi, au katika mbao, au darasani akifundisha. Hapana aliyemwajiri kwa kazi hii ya usiku. Ni haki asifiwe.

Walakini sifa haifuti deni. Ili tuone deni lenyewe, yafaa tukumbuke jinsi kazi hii ilivyofanywa zamani. Mpigaji na mnasa sauti walikuwa watu wawili. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akinasa sauti za waimbaji na wapigaji wa makabila mbalimbali. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Kongo, ambao leo waitwa Likasi, alimsikia kijana akipiga gitaa njiani, akamrekodi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake wa "Masanga" ulienea katika santuri hata ukafika mbali sana na Kongo. Kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na baadaye Radio Tanzania ikawa kwa miaka mingi ndiyo mlango mkuu wa muziki wa nchi. Aliyetaka kusikika alisafiri mpaka Dar es Salaam, na maneno ya wimbo wake yakakaguliwa kabla ya kurekodiwa.

Sidai kwamba mlango ule ulikuwa wa haki kwa kila mtu. Mpigaji wa kijijini asiyekuwa na nauli, wala bendi, wala mtu wa kumtaja mjini, alikufa na nyimbo zake. Leo mlango umeondolewa, na kuondolewa kwake ni faida kubwa. Lakini tazama yaliyofuata. Mtu mmoja sasa ndiye mpigaji, ndiye fundi wa mitambo, ndiye mkaguzi, na ndiye mtangazaji. Kila kazi katika hizo ilikuwa na wajibu wake. Wenye kazi wameondoka. Wajibu haukuondoka pamoja nao. Wote umemwangukia mtu mmoja, chumbani mwake, usiku, mahali ambapo hapana wa kumwambia "hapana". Apewaye uhuru wa namna hiyo lazima ajikague mwenyewe, au kazi yake isikaguliwe kabisa.

Deni la kwanza analopasa kujikagua kwalo ni la asili. Hapana mpigaji aliyezaliwa na nyimbo vidoleni mwake. Ule mtindo wa kudonoa nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada, ambao Bosco aliupa sifa, ulienea kwa macho na masikio: mtu alimtazama mwenziwe au alisikiliza santuri, akaenda zake kujaribu. Vivyo hivyo mpigaji wa Njombe ana sauti alizozipata kwa wazee wake, kwa kwaya ya kanisa, kwa ngoma za Wabena na Wakinga, na kwa redio. Akizitoa kwa jina lake peke yake, hakuiba fedha, maana fedha haikuwapo. Lakini amewanyima wengine haki ya kutajwa, na haki hiyo ikishapotea hairejei kwa urahisi. Wimbo wa "Malaika" ni ushahidi. Ulivuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, kisha kwa sauti ya Miriam Makeba ukazunguka dunia. Na hata leo watu hubishana kama uliutungwa na Fadhili William, au na Adam Salim, au na mwingine. Sitoi hukumu katika ubishi huo. Nautaja kwa sababu waonyesha jinsi ilivyo vigumu kuthibitisha baada ya miaka jambo ambalo mwanzoni lingeandikwa kwa mstari mmoja. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, nayo yalinda hata sanaa za jadi. Lakini sheria haiingii katika kila chumba chenye gitaa. Humo huingia dhamiri tu, na dhamiri yaomba mstari ule mmoja: wimbo huu nimeupata kwa fulani, au nimeusikia mahali fulani.

Deni la pili ni la kweli. Kompyuta yaweza kukata kipande kizuri cha jaribio la tatu na kukiunga na kipande kizuri cha jaribio la kumi na tisa. Yaweza pia kuharakisha mwendo wa vidole bila ya kubadili sauti. Je, huo ni uongo? Mwandishi wa kitabu hufuta na kuandika upya, wala hapana amwitaye mwongo. Kwa hiyo kusahihisha si kosa. Kosa liko katika jambo lingine. Miongoni mwa wasikilizaji yupo daima kijana ajifunzaye. Huyo hasikilizi kwa masikio tu. Husikiliza kwa mikono. Husikia mwendo ambao hapana mkono uliopata kwenda, akajaribu siku nyingi, akashindwa, akaamini kwamba Mungu hakumpa kipaji, akalitundika gitaa. Aliyemvunja moyo hakumwona wala hakumchukia. Alitaka tu kuonekana hodari. Kama angesema kwamba mwendo ule umeharakishwa, asingepungukiwa na kitu ila kijisehemu cha sifa, na kijana angebaki na gitaa lake.

Hapo twafika kwenye deni la tatu, ambalo ndilo mzizi wa hayo mawili. Asiyepokea fedha aweza kupokea sifa, na sifa ni malipo. Mcheza kwao hutunzwa, wasema wahenga. Lakini aliyetunzwa katika ngoma aliujua mkono uliomtunza, akajua kama alitunzwa kwa ustadi, au kwa ujamaa, au kwa ulevi wa mwenye kutunza. Katika mtandao hutunzwa kwa tarakimu. Idadi ya wasikilizaji huonekana chini ya wimbo, nayo haisemi ni nani wala kwa nini. Siku moja mpigaji wetu atoa wimbo wa nyanya yake, wa Kibena, wapata wasikilizaji tisa. Siku ya pili aiga wimbo uvumao mjini, wapata mia tisa. Siku ya tatu atapiga nini? Hapana aliyemlazimisha, wala hapana shilingi iliyopita mkononi mwake. Hata hivyo amekwisha kuwa mfanya biashara, na mali anayoiuza ni mapenzi yake mwenyewe.

Wala haifuati kwamba awadharau wasikilizaji. Mtu asemaye, "Napiga kwa ajili yangu tu," kisha akautoa wimbo wake hadharani, hajajieleza vema. Msikilizaji ametoa dakika zake nne, nazo hazitarudi. Ana haki ya kupewa kitu kilichofanyiwa bidii: gitaa lililolinganishwa, sauti isiyozibwa na mvua, wimbo ambao mtoaji mwenyewe angependa kuusikia ukitoka kwa mwingine. Lakini kumheshimu msikilizaji si kuwahesabu wasikilizaji. Huenda katika wale tisa yumo Mbena mmoja afanyaye kazi mbali na kwao, asiyeisikia lugha ya mama yake mwaka mzima, akausikia wimbo ule usiku mmoja na kuurudia mara saba. Tarakimu haiwezi kulisema jambo hilo. Mpigaji naye hatalijua. Yampasa kupiga kana kwamba mtu huyo yupo.

Yupo atakayenijibu kwamba nimemtwisha mtu wa ridhaa mzigo wa mtu wa kazi. Atasema kwamba furaha ni kitu chepesi, na kwamba ukiizungushia kanuni, wenye haya watanyamaza na wenye kiburi ndio watakaobaki wakiimba. Hoja hii ina nguvu, nami sipendi hata gitaa moja linyamaze kwa ajili ya insha hii. Lakini na tuyapime madeni yenyewe. Kumtaja aliyekufundisha ni mstari mmoja. Kusema kilichofanywa na mashine ni mstari wa pili. Kuutoa wimbo unaoupenda, hata kama jana haukupata watu, hakuhitaji mstari wowote. Madeni haya hayadai kipaji wala fedha. Mwanafunzi wa gitaa wa mwezi mmoja aweza kuyalipa sawasawa na bingwa. Mwenye haya hana la kuogopa ndani yake. Pengine yatamfariji, kwa sababu yanamwambia kwamba haulizwi amepiga vizuri kuliko nani, ila ametoa kwa uaminifu au sivyo.

Kwa hiyo naona kwamba neno "bure" lina mpaka. Lahusu mfuko wa msikilizaji, kwamba hatalipa. Halihusu dhamiri ya mtoaji. Mkulima wa Njombe ampaye jirani yake debe la viazi hamtozi kitu, lakini hatii vilivyooza chini na vizuri juu, wala hasemi kwamba amevilima yeye hali vimelimwa na nduguye. Jirani akivipika, atakula alichoambiwa kuwa amepewa. Wimbo nao ni chakula cha namna yake, na ampaye mtu chakula, kwa bei au kwa hiari, amejitia katika dhamana ya kile atakachokula.